Nguo za Mafuta Hazilali Ndani

Kabla lami haijafika Mbamba Bay, petroli iliteremka hadi Ziwa Nyasa juu ya malori pamoja na watu. Madumu ya lita 20 yalipangwa chini kwenye bodi, juu yake katoni za sabuni na magunia ya sukari, na juu ya hayo yote abiria. Nilikuwa utingo wa lori moja la namna hiyo miaka ya tisini, wakati mwambao wote kuanzia Lituhi hadi Chiwanda ulikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Nyasa ilikuja kuwa wilaya mwaka 2012. Mwenye boti wa Liuli aliyetaka petroli, mwenye duka aliyetaka mafuta ya taa, mwenye mashine ya kusaga aliyetaka dizeli, wote waliagiza mlimani, Mbinga, na mzigo wao ulifika ukiwa umekaliwa na watu.

Tulikuwa tukiondoka Mbinga alfajiri, baridi ya Juni ikituuma masikio, kila mtu kajifunga sweta na blanketi. Kadiri barabara ilivyoteremka ndivyo nguo zilivyovuliwa moja moja, maana ziwa liko takriban mita 475 tu juu ya usawa wa bahari na huko chini jua ni jua kweli. Lakini petroli nayo inahisi joto. Joto likipanda nyuzi 10, petroli huongezeka ujazo kwa karibu asilimia moja. Dumu la lita 20 lililojazwa mpaka mdomoni asubuhi ya baridi halina pa kuweka hiyo glasi moja iliyozidi, na mfuniko wa plastiki uliozibwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni hauwezi kuizuia. Tukiwa bado kwenye kona za mlimani, kabla hata ziwa halijaonekana, harufu ilikuwa imeshatutangulia. Atakayelowa alikuwa amejulikana tayari: yule aliyewahi nafasi nzuri, karibu na kichwa cha gari, pale madumu yalipobanana.

Hapo kazi ya utingo ilikuwa kugonga bodi ili dereva asimame. Petroli haikai juu ya ngozi bila kudhuru. Ikifungiwa chini ya nguo iliyobana, hasa mapajani, inaunguza bila moto, ngozi inawiva na baadaye inatoa malengelenge. Mama akisema, "Kijana, nawashwa," hakuna cha kumwambia avumilie hadi Mbamba Bay. Alisogea nyuma ya mgomba, wenzake wakamkinga kwa kanga, akavua, akajimwagia maji mengi na sabuni, akavaa nguo nyingine. Dumu la maji na kipande cha sabuni ya mche vilikaa mbele kwa dereva kwa ajili hiyo. Wavuta sigara walifukuzwa upande wa pili wa barabara, na walinung'unika kila safari.

Nguo ile iliyovuliwa ndiyo iliyobaki kuwa tatizo la mtu mmoja mmoja. Langu liliishia kwa shangazi yangu, Mbamba Bay.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hapo hapo! Usikanyage kizingiti."

Hakuwa mkali kwa jambo jingine lolote. Kwake nguo za mafuta hazilali ndani, hata mvua ikinyesha, hata ziwe za mgeni wa heshima. Alinirushia msuli, nikavulia nje, na suruali yangu ikaenda kwenye kamba iliyofungwa mbali na jiko la kuni, upande ambao upepo ulitoka nyumbani kwenda porini. Miezi ile ndiyo ya mwera, upepo wa kusini-mashariki unaochafua ziwa mpaka mitumbwi inalala ufukweni. Wavuvi waliulaani. Shangazi aliusubiri, maana ndio uliomfanyia nusu ya kazi bila sabuni.

Kwa muda mrefu niliona ni desturi tu ya mama mwenye usafi uliopitiliza. Baadaye, nilipoacha ulori na kufungua duka, nilisoma kidogo juu ya mafuta ninayouza, nikaona kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Vyepesi zaidi huchemka kwenye nyuzi 30 na kitu, vizito karibu na 200. Kwenye kamba yenye upepo, sehemu kubwa huruka yenyewe kabla ya kesho yake. Mafuta ya taa huanzia nyuzi kama 150 na kufika 300, ndiyo maana yanang'ang'ania kwa siku kadhaa. Dizeli ni nzito zaidi, huchemka hata kupita 350, na kuisubiri ipeperuke yenyewe ni kupoteza wiki. Mtu anayekimbilia beseni nguo ikiwa bado inachuruzika anayafungia mafuta yale ndani ya maji na povu. Anatumia sabuni nyingi kupigana na kitu ambacho kingeondoka bure, kisha maji yake yananuka, beseni linanuka, na nguo za watoto zitakazofuata kwenye beseni hilo zitanuka.

Baada ya upepo, unga. Pwani ya Nyasa ni nchi ya muhogo, na hakuna nyumba isiyo na unga kidogo ulioingia wadudu. Shangazi aliupaka kavu juu ya doa, akauacha unyonye, akaukung'uta, akarudia. Nilimwuliza kwa nini asitumie majivu, yaliyojaa jikoni na yasiyoliwa na mtu. Alijibu kwamba majivu hayaaminiki. Unaweza kuyashika kwa mkono ukayaona baridi, kumbe kaa moja limelala katikati. Chaki iliyosagwa inafaa vilevile, na mtoto wa mwalimu alitumwa mara nyingi kuliko alivyopenda.

Kisha sabuni, na hapa ndipo watu wengi tunatofautiana naye. Sabuni ilipakwa kwenye doa likiwa kavu, kabla tone la maji halijagusa kitambaa. Kipande cha mche kililowekwa kidogo tu, kikasuguliwa juu ya doa mpaka likawa jeupe, nguo ikakunjwa na kuachwa kivulini. Siku hizi ningetumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya sufuria na haibagui mafuta ya mashine. Sababu ni ile ile. Upande mmoja wa chembe ya sabuni hupenda mafuta, upande mwingine hupenda maji. Ukitanguliza maji, yanajaza nyuzi za kitambaa na sabuni inaishia kuelea kwenye beseni ikitoa povu la kumfurahisha mfuaji. Ukitanguliza sabuni, inakamata mafuta kwanza, na maji yakija yanabeba vyote viwili. Maji yenyewe yawe ya uvuguvugu. Shangazi aliacha ndoo juani. Kuchemsha alikataa kabisa, na alikuwa na sababu mbili: moto chini ya kitu chenye petroli, na oili ambayo joto huizamisha zaidi kwenye nyuzi.

Hiyo oili ndiyo iliyonisumbua kuliko petroli. Mashine za boti za wakati ule nyingi zilikuwa zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, kawaida lita moja kwa lita 50, na wenye boti wengine walichanganyia huko huko Mbinga ili wasibebe vyombo viwili. Doa la mchanganyiko huu lina hila. Petroli inaruka, harufu inapungua, unadhani umeshinda. Juma linalofuata, vumbi la barabara limeganda pale pale na kuchora ramani nyeusi. Nguo ya namna hiyo inataka sabuni ya kwanza kwa ajili ya oili peke yake, isuguliwe kwa brashi laini kutoka ukingoni mwa doa kwenda katikati, isuuzwe, ndipo ifuliwe kama nguo nyingine.

Vitambaa navyo havifanani tabia. Kanga na kitenge cha pamba huachia mafuta bila ubishi mkubwa. Jezi za mpira, majaketi ya mitumba na kila kitu chenye poliesta hung'ang'ania, kwa sababu poliesta yenyewe imetokana na mafuta ghafi na huvuta mafuta kuliko maji. Ndiyo maana bodaboda aliyevaa jezi ananuka kuliko mwenzake wa shati la pamba ingawa wote wamemwagikiwa sawa. Mpira wa kiunoni hulegea, na maandishi ya jezi hubanduka. Godoro la sponji lililolowa mafuta ya taa usihangaike nalo. Nimeona watu wakiliosha, wakilianika, wakilinyunyizia manukato, na bado mgeni anaamka na kichwa kinamgonga.

Nikitaja manukato nakumbuka orodha ndefu ya dawa za bure. Manukato yanazaa harufu ya tatu mbaya kuliko mbili za kwanza. Jiki inatoa rangi ya nguo, petroli inaiacha ilipo. Na mtu asije akachanganya jiki na siki akidhani anaongeza nguvu, maana hutoka hewa ya klorini inayokaba mapafu. Siki peke yake kwenye maji ya kusuuza haina neno. Magadi soda yanasaidia kweli: vijiko vichache kwenye ndoo, nguo ikalala humo usiku, harufu iliyobaki inapungua. Hata hivyo, shangazi alizaa, akalea na kuzeeka bila magadi ya dukani, kwa kuwa kama harufu ilibaki baada ya nguo kukauka, hakuongeza dawa. Aliirudisha kwenye kamba. Alikuwa hanusi nguo mbichi; alisema pua inadanganywa na unyevu na sabuni, subiri ikauke.

Na hakufulia ziwani, ingawa ziwa lilikuwa hatua chache. Alichota maji, akafulia juu, akamwaga shimoni mbali na njia ya mvua. Kina mama wa mwambao walikuwa wakisemana juu ya hili bila kungoja serikali, maana ule utando wa rangi za upinde wa mvua ulionekana na kila aliyekuja na ndoo ya maji ya kunywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka ukingo wa maji. Wao walikwisha kuwa na kipimo chao.

Lakini sehemu ya amri ya shangazi ambayo sikuwahi kuijadili ni kutopiga pasi nguo za mafuta. Wakati huo kila aliyejiheshimu alikuwa na pasi ya mkaa, na utingo akitaka kwenda dansini Jumamosi angetamani kuipiga pasi suruali iliyokauka nusu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi kwenda darini. Unatambaa sakafuni na kutafuta jiko, kibatari au pasi, halafu moto unarudi kwa njia ile ile hadi kwenye nguo. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna Mmatengo wa milima ya Mbinga aliyewahi kuiona. Mafuta ya taa watu huyaonea huruma kana kwamba hayana madhara, lakini yanaanza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi 38 hivi, na shati jeusi lililoanikwa juani saa saba mchana Mbamba Bay, mwezi wa Oktoba, linaweza kupita hapo. Kwa mwenye mashine ya kufulia sheria ni hiyo hiyo: nguo yenye harufu kali isiingie humo, na ile ya kukaushia kwa joto isiiguse kabisa.

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukawaka. Waliokufa walipita 100. Picha zile ziliponifikia dukani niliwaza madumu na pikipiki kama kila mtu, kisha nikawaza nguo. Mtu anayechota petroli kwa ndoo na kopo hulowa mikono, kifua na miguu kabla hajajaza dumu lake, na nguo iliyolowa ni utambi uliovaliwa. Hata aliyekuwa ameshaanza kuondoka aliondoka na mafuta mwilini.

Harufu ya mwambao wenyewe, lakini, haikuwa ya petroli. Ilikuwa ya mafuta ya taa. Usipa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa kuwavuta kwa taa, na kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai. Karabai inajazwa mtumbwini, inapigwa pampu, inatikiswa na mawimbi, na mvuvi anajipangusia sweta lake. Ukipanda gari na wavuvi waliotoka kuvua usingehitaji kuuliza kazi yao. Jumapili kanisani Liuli, kwenye ile misheni ya zamani ya Waanglikana, ungeweza kujua kwa pua nani alikuwa ziwani usiku wa Ijumaa. Wazee walikuwa na dawa bora kuliko sabuni zote nilizotaja: kila mvuvi alikuwa na nguo za ziwani, zilizoning'inia kwenye banda la nyavu, zisizowahi kuonja sanduku la nyumbani. Zilinuka, na zilikuwa na ruhusa ya kunuka. Vijana walioona aibu kuvaa matambara wakaenda kuvua na mashati mazuri ndio waliowapa wake zao kazi.

Kamba ya shangazi ilitufundisha jambo jingine ambalo hatukulitafuta. Karibu mwaka 2010 nchi nzima ilikuwa ikizungumzia uchakachuaji, yaani petroli na dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa kwa sababu ushuru wake ulikuwa mdogo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba, yaani kemikali za kutambulisha mafuta halali, mwaka huo. Sisi wa vijijini hatukuwa na chombo cha kupimia vinasaba, tulikuwa na suruali. Suruali iliyomwagikiwa petroli safi jioni, kesho yake mchana inakuwa imebaki na harufu ya kuhisi ukiisogeza puani. Ikiwa siku ya tatu bado inakuita kutoka mlangoni, na ukiigusa inateleza, ndani ya ile petroli kulikuwa na mgeni. Nilianza kumwaga kijiko kimoja kwenye kitambaa cheupe kila nilipopokea mzigo, nakianika, na nilibadilisha muuzaji mara moja kwa ushahidi huo.

Bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Mvuvi wa usipa, ambaye hakuwa amechakachua kitu, akalipa. Gharama hizo zilichangia kuwasogeza wengi kwenye taa za betri na za sola. Leo ukiangalia ziwani usiku wa giza mwanga ni mweupe wa samawati, na masweta yananuka samaki peke yake. Sijui kama kuna mke wa mvuvi aliyewahi kuishukuru bajeti, ila angalau huo ni upande mmoja wa hesabu.

Mlimani, kwetu Mbinga, harufu hii inahesabiwa kwa fedha. Kahawa ikiwa kavu kwenye maganda yake hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani, na waonjaji hawahitaji kuona doa. Wanapiga funda, wanatema, wanaandika alama. Mkulima anayetoa kahawa yake kwenye vichanja, akaijaza kwenye gunia lililowahi kukaa karibu na dumu, anaweza kuwaharibia wenzake wote ambao kahawa yao itachanganywa na yake. Dunia nzima ilipambana na jambo hili. Nyuzi za juti zilikuwa zikilainishwa kwa mafuta ya madini kiwandani, na magunia yakapeleka harufu hiyo kwenye kahawa na kakao, mpaka mwaka 1998 shirika la kimataifa la juti likaweka kiwango cha magunia ya chakula, yanayolainishwa kwa mafuta ya mimea, masalia ya mafuta yasiyogeuka sabuni yasizidi miligramu 1,250 kwa kilo.

Lori letu lilikuwa na turubai ambalo halikusoma viwango hivyo. Lilifunika madumu wakati wa kuteremka, na msimu wa kahawa lilitakiwa kufunika magunia. Tajiri alitaka liponywe. Tulilianika kwenye ua wa gereji, tukalipaka unga na sabuni, tukalisugua kwa fagio la chelewa, tukaliacha mvua za kwanza zilinyeshee, tukarudia. Kwa mbali lilikuwa safi. Ulipolikunja na kulikunjua asubuhi, dizeli ilikuwa pale pale, imejificha kwenye mishono na kwenye nta ya turubai. Karani wa mizani, mzee mwenye pua ndefu na maneno machache, alishika pembe moja, akanusa, akaiachia. "Hili lifunike matofali," alisema, na likafunika matofali hadi lilipochanika. Tajiri alinunua turubai la pili kwa ajili ya kahawa, akaandika neno KAHAWA kwa rangi nyekundu, na kuanzia hapo madumu yalifungwa kwa maturubai chakavu.

Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ilikamilika mwanzoni mwa muongo huu, na abiria hawakalii tena madumu. Petroli imehamia kwenye bodaboda. Vijiji vya pembeni ya barabara bado vinauziwa kwa chupa za maji za lita moja na nusu, na chupa hizo husafiri ndani ya jaketi la dereva, kwenye kifua cha poliesta. Mpwa wangu anafanya kazi hiyo, analala kwangu, na mke wangu hakuwahi kukutana na shangazi lakini ameirithi amri yake neno kwa neno. Amemfungia kijana kamba yake nyuma ya choo, na beseni lake lenye alama ya misumari. Kwa kuwa kila jaketi linatakiwa kukaa huko usiku na mchana kabla ya sabuni, kijana amelazimika kununua mengine, na kamba haijawahi kuwa tupu. Jirani aliyehamia juzi alimwuliza mke wangu tuna wapangaji wangapi wa bodaboda, na kama chumba kimoja kitapatikana mwisho wa mwezi.